Muungo wa kemikali: Siri inayotenganisha ugali, sukari na karatasi

MKULIMA wa Kitale huvuna mahindi, mwenzake wa Bungoma hukata miwa, nao mji wa Webuye, ambako barabara ya kutoka Kitale hukutana na barabara kuu ya kwenda Bungoma, ulivuma kwa miaka mingi kutokana na kiwanda chake cha karatasi.

Kwa macho ya kawaida, mazao hayo matatu hayana uhusiano wowote. Moja huliwa likashibisha, la pili hutiwa katika chai na la tatu huandikiwa.

Hata hivyo, kwa mwanakemia hayo ni mazao ya ukoo mmoja. Wanga wa mahindi na karatasi vimejengwa kwa tofali la aina moja tu, yaani sukari ndogo iitwayo glukosi. Sukari ya miwa nayo ina tofali hilohilo, likiwa limeshikana na ndugu yake aitwaye fruktosi.

Kinachoyatenganisha ni namna matofali hayo yalivyofungamanishwa. Kufungamana huko ndiko wanasayansi hukuita muungo wa kemikali, na ndiko kunakoamua ni kipi kiwe chakula, kipi kiwe nguo au karatasi, na kipi kimdhuru binadamu.

Makala haya yanaeleza miungo hiyo na jinsi inavyojenga molekuli kubwa za viumbe hai, ambazo ni wanga na jamii yake, protini, mafuta na asidi za urithi. Elimu hiyo haimhusu mwanafunzi wa kidato cha nne pekee. Inamgusa mkulima anayeanika mahindi, anayengoja trekta lije kubeba miwa yake, na hata wachumba wanaopanga kufunga ndoa.

Muungo ni nini?

Kila kitu duniani kimefanywa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomi. Katikati ya atomi pana kiini, na kukizunguka kiini hicho pana elektroni. Atomi nyingi hazitulii zikiwa peke yake. Hutafuta wenzake ili zishirikiane elektroni au zipeane. Hapo ndipo muungo unapozaliwa.

Aina ya kwanza ni muungo wa kovalenti, ambapo atomi mbili humiliki elektroni kwa ushirika, mithili ya majirani wawili wanaotumia kisima kimoja. Huu ni muungo wenye nguvu nyingi, na ndio uti wa mgongo wa molekuli zote za viumbe hai.

Kila atomi ina kiasi chake cha miungo. Haidrojeni huunda mmoja, oksijeni miwili, naitrojeni mitatu na kaboni minne. Kwa kuwa kaboni ina mikono minne, inaweza kushikana na kaboni nyingine kwa minyororo mirefu, matawi na hata pete. Hiyo ndiyo sababu uhai wote tunaoujua umejengwa juu ya kaboni.

Aina ya pili ni muungo wa ioni. Hapa atomi moja humpa mwenzake elektroni moja kwa moja, kisha zote mbili hubaki na chaji zinazovutana. Chumvi ya mezani ni mfano mwafaka, kwani sodiamu hutoa elektroni na klorini huipokea.

Aina ya tatu ni muungo wa haidrojeni. Huu ni dhaifu ukilinganishwa na ule wa kovalenti. Katika maji, muungo wa haidrojeni unaozishika molekuli mbili una takriban sehemu moja kati ya ishirini ya nguvu za muungo wa kovalenti ulio ndani ya molekuli yenyewe.

Lakini haba na haba hujaza kibaba. Miungo ya haidrojeni ikikusanyika kwa maelfu huwa imara kama kamba ya katani, ambayo uzi wake mmoja hukatika kwa vidole ilhali kamba nzima hufunga fahali.

Sukari ya Nzoia

Glukosi ina atomi sita za kaboni, 12 za haidrojeni na sita za oksijeni. Mmea huitengeneza katika majani yake kwa kutumia hewa ya kaboni, maji na mwanga wa jua. Fruktosi ina idadi hiyohiyo ya atomi, ila zimepangwa kwa namna tofauti.

Katika shina la muwa, glukosi moja huunganishwa na fruktosi moja ili kupata sukrosi, ambayo ndiyo sukari tunayonunua dukani. Zinapoungana, molekuli moja ya maji hutolewa. Kwa hivyo sukrosi ina kaboni 12, haidrojeni 22 na oksijeni 11. Haidrojeni mbili na oksijeni moja zimekwenda zao kama maji.

Kanuni hii ya kutoa maji ili kuunganisha, na kurudisha maji ili kuvunja, ndiyo inayotawala ujenzi wa karibu kila molekuli kubwa ya kiumbe hai. Msomaji akiishika hiyo, sehemu kubwa ya somo ameielewa.

Kanuni hiyohiyo inaeleza kilio cha siku nyingi cha wakulima wa miwa. Kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoko Bukembe katika Kaunti ya Bungoma, kilianzishwa mwaka 1975 na kuanza kusaga miwa mwaka 1978. Tangu hapo, miwa iliyokatwa kisha ikachelewa kusafirishwa imekuwa sehemu ya malalamiko ya wakulima wa eneo hilo.

Mkulima huona miwa yake ikikauka na kupungua uzito, lakini hasara nyingine haionekani kwa macho. Punde muwa unapokatwa, kimeng'enya kiitwacho invertasi, ambacho kimo ndani ya muwa wenyewe, huanza kuuvunja muungo wa sukrosi kwa kuurudishia maji. Sukrosi hugeuka kuwa glukosi na fruktosi.

Utamu bado upo, lakini sukari hizo mbili hazigandi kuwa chembechembe kwa urahisi kama sukrosi. Badala ya kuingia katika magunia, hutoka pamoja na molasi.

Isitoshe, bakteria wa jamii ya Leuconostoc huingia kupitia mahali muwa ulipokatwa. Hawa huchukua glukosi na kuiunganisha upya kwa muungo wa aina nyingine, wakatengeneza utomvu unaonata uitwao dekstrani. Utomvu huo huifanya sharubati ya miwa kuwa nzito na kuzuia sukari isigande vyema.

Ndiyo maana wataalamu husisitiza kwamba miwa ifikishwe kiwandani katika muda wa siku moja au mbili baada ya kukatwa. Miwa iliyochomwa moto kabla ya kukatwa huharibika kwa haraka zaidi. Kila siku inayopotea barabarani, miungo ya sukrosi inazidi kuvunjika, na hakuna mashine ya kiwanda inayoweza kuirudisha.

Wanga wa Kitale

Tukielekea kaskazini hadi Kaunti ya Trans Nzoia, tunakutana na glukosi hiyohiyo ikiwa katika umbo la wanga. Zaidi ya nusu ya uzito wa punje ya hindi ni wanga, ambao ni akiba ya chakula iliyowekwa kwa ajili ya mche mchanga.

Wanga una sehemu mbili. Ya kwanza huitwa amilosi, nayo ni mnyororo mrefu usio na matawi. Ya pili ni amilopektini, ambayo ina matawi mengi na huchukua takriban robo tatu ya wanga wa mahindi ya kawaida.

Katika minyororo hiyo, kila glukosi hushikana na inayofuata kwa muungo uitwao alfa. Maana yake ni kwamba matofali yote yameelekea upande mmoja, na kwa sababu hiyo mnyororo hujipinda kama ngazi ya mzunguko. Umbo hilo la kujipinda huacha nafasi ambamo maji na vimeng'enya vinaweza kupenya.

Mpishi wa ugali huitumia sifa hiyo kila siku. Unga mkavu una vijipunje vya wanga vilivyobana kwa miungo ya haidrojeni. Maji yanapopata joto la kati ya nyuzi 60 na 70 hivi, miungo hiyo dhaifu huachia, maji huingia, vijipunje hufura na uji huwa mzito.

Muungo wa kovalenti kati ya glukosi na glukosi haukatiki wakati huo. Ndiyo sababu ugali hauwi mtamu kama sukari hata ukipikwa kutwa nzima. Ugali unapopoa, baadhi ya miungo ya haidrojeni hujirudi, maji husukumwa nje na kiporo huwa kigumu.

Anayeikata minyororo ya wanga ni kimeng'enya kiitwacho amilasi, ambacho kimo katika mate yetu. Tafuna kipande cha ugali kwa muda mrefu bila kumeza, nawe utaanza kuonja utamu kwa mbali. Hiyo ni miungo ya alfa inavunjika kinywani.

Wazee wa magharibi mwa Kenya waliijua kazi ya kimeng'enya hicho kabla ya maabara yoyote kujengwa huko. Katika kutengeneza busaa, unga wa mahindi uliochachushwa na kukaangwa huchanganywa na kimea cha wimbi, yaani wimbi lililooteshwa kisha likakaushwa. Nafaka inapochipua huzalisha amilasi kwa wingi. Amilasi hiyo huukata wanga kuwa sukari, nayo hamira huigeuza sukari kuwa pombe. Bila kimea, hamira ingekosa chakula kwa kuwa haina uwezo wa kuikata minyororo mirefu ya wanga.

Karatasi ya Webuye

Sasa chukua glukosi zilezile, lakini kila moja uigeuze juu chini ikilinganishwa na iliyotangulia. Muungo huo huitwa beta. Mnyororo haujipindi tena bali hunyooka kama ubao, na jina lake hubadilika kuwa selulosi.

Minyororo iliyonyooka hulala sambamba na kushikana kwa miungo mingi mno ya haidrojeni. Maji hayapati pa kupenya, na amilasi ya binadamu hushindwa kabisa kuikata. Ndivyo zilivyo kuta za seli za mti, pamba, bua la hindi na makapi ya miwa.

Kiwanda cha karatasi cha Pan African, kilichojengwa Webuye katika miaka ya 1970, kilitegemea tofauti hiyo. Ndani ya mti, selulosi hushikanishwa na gundi ya asili iitwayo lignini. Vipande vya mbao vilichemshwa pamoja na magadi makali na kemikali yenye salfa, ambazo huvunja miungo ya lignini na kuiyeyusha huku zikiiacha selulosi ikiwa salama kwa kiasi kikubwa.

Harufu iliyowakera wakazi wa Webuye kwa miaka mingi ilitokana na salfa hiyo, ambayo huungana na mabaki ya lignini na kupaa hewani. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2009, na mwaka 2016 kikauzwa kwa mwekezaji wa kibinafsi.

Karatasi yenyewe hushikana kwa miungo ya haidrojeni inayofanyika kati ya nyuzi za selulosi maji yanapokauka. Hii inaeleza kwa nini gazeti lililoloa huraruka kwa kuguswa tu. Maji yamejiingiza kati ya nyuzi na kuichukua miungo iliyokuwa ikizishika.

Na ng'ombe je? Huyu hula mabua ya mahindi na majani ya matete yaliyojaa selulosi, akatoa maziwa. Hata hivyo, si ng'ombe mwenyewe anayeikata miungo ya beta, bali ni vijidudu wengi wanaoishi katika tumbo lake la kwanza. Mkulima wa Trans Nzoia anayehifadhi mabua kwa ajili ya mifugo huwa anawatumia vijidudu hao kupata chakula ambacho yeye mwenyewe asingeweza kukimeng'enya.

Protini na maharagwe

Molekuli kubwa za aina ya pili ni protini. Hizi hujengwa kwa matofali yaitwayo asidi amino, ambayo yako ya aina 20. Asidi amino moja hushikana na nyingine kwa muungo wa peptidi, na hapa pia molekuli ya maji hutolewa kila zinapoungana.

Mnyororo ukishakamilika hujikunja na kupata umbo maalumu, na umbo hilo ndilo huipa protini kazi yake. Kujikunja huko hushikiliwa zaidi na miungo dhaifu, hasa ya haidrojeni. Yai linapochemshwa, joto huiachilia miungo dhaifu, protini hukunjuka na kushikamana ovyo, na ute uliokuwa majimaji huwa mgumu. Miungo ya peptidi hubaki vilevile.

Mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea asidi amino tisa kati ya hizo 20. Lazima zitoke katika chakula. Hapa ndipo mahindi yanapopungukiwa. Protini kuu ya punje ya hindi, iitwayo zeini, ina upungufu mkubwa wa laisini na triptofani, ambazo ni miongoni mwa hizo tisa.

Mwili unapojenga protini haurukii tofali lililokosekana. Laisini ikipungua, ujenzi hukwama hata kama asidi amino nyingine zimejaa tele. Mtoto aliyeachishwa ziwa kisha akalishwa uji wa mahindi mtupu anaweza kushiba kila siku na bado akadumaa.

Maharagwe yana laisini kwa wingi, ingawa yamepungukiwa na methionini ambayo imo katika mahindi. Kwa hiyo mahindi na maharagwe yakipikwa pamoja, chakula kinachojulikana kama githeri au nyoyo, kila kimoja huliziba pengo la mwenzake. Kwa familia isiyomudu nyama kila wiki, mchanganyiko huo ni jambo la uzito mkubwa.

Ushirikiano huo huanzia shambani. Protini haiwezi kujengwa bila naitrojeni, na hewa imejaa naitrojeni. Tatizo ni kwamba atomi mbili za naitrojeni hewani zimefungwa pamoja kwa miungo mitatu, na mahindi hayawezi kuivunja.

Bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi ya maharagwe wanaweza. Mkulima asiye na bakteria wa kutosha udongoni hulazimika kununua mbolea, ambayo viwanda huitengeneza kwa kuivunja miungo hiyo kwa joto na shinikizo kubwa. Gharama ya mbolea, kwa sehemu kubwa, ni gharama ya kuvunja muungo huo.

Tofali moja likikosewa

Ili kuona uzito wa tofali moja, tutazame ugonjwa wa selimundu, ambao huwapata watu wengi magharibi mwa Kenya, Bungoma ikiwemo.

Hemoglobini ni protini ya damu inayobeba oksijeni. Ina minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Mnyororo wa beta una asidi amino 146. Kwa mwenye selimundu, ile ya sita imebadilika. Badala ya asidi glutamiki, ambayo hupenda maji, pamewekwa valini, ambayo huyakwepa.

Damu inapoachia oksijeni, valini hiyo hujificha maji kwa kujipachika katika kishimo cha hemoglobini ya jirani. Molekuli hufuatana hivyo hadi zikawa nyuzi ndefu ngumu. Seli ya damu, ambayo kwa kawaida ni ya mviringo, hupindika mfano wa mundu, hukwama katika mishipa myembamba na kusababisha maumivu makali na upungufu wa damu.

Mwaka 1949 mwanakemia Linus Pauling wa Marekani, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba chanzo cha ugonjwa huo ni molekuli ya hemoglobini yenyewe. Baadaye katika miaka ya 1950, Vernon Ingram, akifanya kazi Uingereza, alilitambua tofali lililobadilika.

Afrika Mashariki ina nafasi yake katika historia hiyo. Daktari Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alichunguza damu ya watu nchini mwaka 1949 na kuona kwamba chembe ya urithi ya selimundu ilikuwa ya kawaida zaidi pwani na karibu na Ziwa Victoria kuliko nyanda za juu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mtu aliyerithi chembe moja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali.

Ndiyo maana chembe hiyo haijatoweka katika maeneo yenye mbu wengi. Lakini wazazi wawili wenye chembe moja moja wakizaa, kila mimba huwa na nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Kipimo cha damu kabla ya ndoa huwawezesha wachumba kuijua hali hiyo mapema, na mtoto akigunduliwa akiwa mchanga huweza kupewa matibabu yanayorefusha maisha.

Asidi za urithi na mbegu

Nani humwambia mwili aweke asidi amino ipi na wapi? Maagizo hayo yamo katika DNA, molekuli kubwa ya aina ya tatu.

DNA ina nyuzi mbili zinazozungukana. Kila uzi umeshikiliwa na miungo imara ya kovalenti, na katikati nyuzi hizo zimeunganishwa na herufi nne za kikemia, yaani A, T, G na C. A hushikana na T kwa miungo miwili ya haidrojeni, nayo G hushikana na C kwa miungo mitatu. Umbo hilo lilitangazwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick, wakitegemea pia picha za eksirei zilizotoka katika maabara ya Rosalind Franklin.

Mpango huo una hekima kubwa. Kila uzi ni imara, hivyo maagizo hayapotei. Lakini nyuzi mbili huachana kwa urahisi mfano wa zipu, hivyo maagizo husomwa na kunakiliwa. Selimundu hutokana na herufi moja tu, A, kuwa T.

Kitale ina sifa ya pekee katika elimu hii. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa mjini humo mwaka 1956, na mwaka 1964 aina ya mahindi ya chotara iitwayo H611 ilitolewa baada ya watafiti wa Kitale kuyazalisha mahindi ya huko pamoja na mengine yaliyoletwa kutoka Ecuador.

Nguvu ya chotara hutokana na kukutanishwa kwa DNA za wazazi wawili tofauti. Mkulima akipanda tena punje alizovuna, maagizo hayo hugawanyika na kuchanganyika upya, mimea hukosa usawa na mavuno hushuka. Hivyo, ushauri wa kununua mbegu kila msimu una msingi wa kisayansi.

Mafuta

Aina ya nne ni mafuta. Haya si minyororo ya matofali kama yale mengine. Molekuli ya mafuta ni gliserini iliyoshikwa na mikia mitatu ya kaboni na haidrojeni.

Mikia ikiwa imenyooka, hubanana vizuri na mafuta huganda, kama samli. Ikiwa na miungo maradufu ya kaboni, hupindika na kushindwa kubanana, hivyo mafuta hubaki majimaji, kama ya alizeti.

Miungo maradufu hushambuliwa na oksijeni. Mafuta ya hindi yako zaidi katika kiini cha punje, na ndiyo sababu unga wa kinu cha mtaani, uliosagwa pamoja na kiini hicho, huchacha na kuwa mchungu mapema kuliko unga uliokobolewa.

Hatari ya mahindi mabichi

Tumalizie na jambo ambalo limewahi kugharimu maisha ya Wakenya. Mahindi yanayokubaliwa katika maghala ya Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao yanapaswa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Maana yake ni kwamba gunia la kilo 90 lililokauka ipasavyo bado lina takriban kilo 12 za maji.

Kwa kiasi hicho, maji mengi yameshikwa na wanga na protini kwa miungo ya haidrojeni. Kuvu haiwezi kuyanyonya. Unyevu unapozidi, hubaki maji yasiyoshikwa na chochote, na hayo ndiyo kuvu inayoyangoja.

Kuvu ya Aspergillus flavus hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004, sumu hiyo ilienea katika mahindi ya sehemu za mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Watu 317 waliripotiwa kuugua na 125 kati yao wakafariki.

Madhara yake ni suala la miungo pia. Ini linapojaribu kuiondoa aflatoksini, huigeuza kuwa umbo lenye uchu wa kuungana. Umbo hilo hujifunga kwenye herufi G ya DNA kwa muungo wa kovalenti. Seli inaponakili maagizo yake, herufi hiyo inaweza kusomwa vibaya, na makosa ya aina hiyo yakirundikana huleta saratani ya ini.

Wengi hudhani kwamba kupika kunatosha. La hasha. Miungo iliyomo ndani ya aflatoksini ni ya kovalenti, na joto la sufuria haliivunji. Kule Kitale, ulioko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka hata kabla ya kufikia nyuzi 95. Mahindi yaliyoota kuvu hayasafishwi kwa kuchemshwa, kwa kukobolewa na kusagwa kuwa unga, wala kwa kugeuzwa kuwa pombe. Kumpa ng'ombe pia si suluhisho, kwani sehemu ya sumu hiyo hupitia katika maziwa.

Kinga ni moja, nayo ni ya bei nafuu kuliko matibabu. Mahindi yavunwe kwa wakati, yaanikwe juu ya turubai badala ya udongo mtupu, yapimwe unyevu kabla ya kutiwa katika magunia, na ghala liwe na hewa ya kutosha. Punje zilizobadilika rangi au kunyauka zitengwe na zisiuzwe.

Mkulima anayetandaza mahindi yake juani kwa siku chache zaidi huona kana kwamba anapoteza uzito, na kwa hiyo fedha. Ukweli ni kwamba anayaondoa maji yale tu ambayo hayakushikwa na muungo wowote, na ambayo ndiyo kuvu ingeyatumia kuingia katika chakula cha watoto wake.